Hakuna aliyenikataza uhandisi, mbona naona njia imefungwa?

"Shikamoo mtaalamu. Nina umri wa miaka 21. Nimepata nafasi mbili za masomo: uhandisi wa umeme katika chuo kilicho mji wa mbali, na ualimu katika chuo ambacho naweza kwenda na kurudi nyumbani kila siku. Masomo niliyofaulu zaidi ni hisabati na fizikia. Hakuna aliyenikataza uhandisi. Baba anasema niamue mwenyewe. Mama anasema ualimu unampa mwanamke nafasi ya kulea. Shangazi anauliza ni nani atakayeoa mwanamke wa kupanda nguzo. Mchumba wangu anasema yeye hana tatizo, tatizo ni kwao. Siku zinavyokwenda najikuta nautaka ualimu, wala sijui kama nautaka kweli au nimechoka tu. Nitajuaje kama uamuzi ni wangu? Na nikichagua uhandisi kisha nikakosa ndoa, au nikaolewa kisha nikashindwa kazi, nitakuwa nimepata nini?"

Marahaba, binti yangu. Umeniuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kama hii hamu mpya ya ualimu imetoka moyoni mwako au imeletwa na uchovu. La pili ni hofu ya hasara, kwamba uhandisi utakukosesha ndoa au ndoa itakukosesha uhandisi. Nitayajibu yote mawili, ila nitaanza na sentensi uliyoipitia haraka: mchumba wako hana tatizo, tatizo ni kwao. Ukiielewa vizuri sentensi hiyo, utakuwa umeelewa kwa kiasi kikubwa jinsi jamii inavyowachagulia wanawake masomo na kazi pasipo mtu yeyote kutoa amri.

Wengi hudhani kwamba pasipo na katazo pana uhuru. Nawe umeandika kwamba hakuna aliyekukataza, kana kwamba unajilaumu kwa kuhisi mzigo ambao haupo. Mzigo huo upo. Kaida ya kijamii haihitaji mkatazaji ili ifanye kazi. Mwanafalsafa Cristina Bicchieri, ambaye amezichunguza kaida kwa miaka mingi, anaeleza kwamba kaida husimama juu ya matarajio ya aina mbili: mtu anatarajia kuwa wenzake wengi hufanya jambo fulani, na anatarajia pia kuwa wenzake hao wanaona naye anapaswa kulifanya, na kwamba asipolifanya watamsema. Tazama kwamba katika maelezo hayo hapajatajwa popote kuwa mtu mwenyewe analipenda jambo lenyewe. Ndiyo maana kaida inaweza kutawala nyumba nzima ambayo kila mmoja aliyemo, ukimuuliza faraghani, atakwambia kwamba yeye binafsi asingeona ubaya.

Sasa irudie familia yako kwa jicho hilo. Mchumba wako anawasemea watu wa kwao. Shangazi anawasemea waoaji ambao hawajulikani. Mama, nadhani, anaisemea familia utakayoolewa na watoto ambao bado hawajazaliwa. Baba amekwambia uamue mwenyewe, ila amenyamaza juu ya analolitaka yeye, na ukimya wake kila mtu anaujaza kwa maana anayoitaka. Katika barua nzima hakuna hata mmoja aliyesema: mimi mwenyewe sitaki. Kila mmoja anamsemea mtu ambaye hakuwepo pale mlipokuwa mkizungumza. Katika kazi yangu ya kuzihoji familia nimelikuta jambo hili mara nyingi: baba ananiambia angemruhusu binti yake ila mama yake hatakubali, na mama, nikikaa naye peke yake, ananiambia yeye angekubali ila baba yake binti ndiye mgumu. Wameishi nyumba moja miaka yote hiyo, kila mmoja akilinda katazo la mwenzake ambalo mwenzake hakulitoa.

Wanasaikolojia Floyd Allport na Daniel Katz waliandika juu ya hali ya namna hii tangu mwaka 1931, lakini ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa karibuni. Leonardo Bursztyn, Alessandra González na David Yanagizawa-Drott, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, waliwakusanya vijana wa kiume waliooa jijini Riyadh, Saudi Arabia, katika makundi ya watu wa eneo moja, wengi wao wakifahamiana. Kila mmoja aliulizwa kwa siri kama anakubali wanawake wafanye kazi nje ya nyumba, kisha akaulizwa anadhani wenzake waliomo mle chumbani wangapi wanakubali. Takriban asilimia 87 walikubali. Hata hivyo, karibu robo tatu yao walikisia idadi ndogo kuliko ile halisi. Wengi wao waliwadhania wenzao kuwa wahafidhina kuliko walivyo. Halafu nusu yao waliambiwa ukweli, yaani idadi halisi ya wenzao waliokubali. Hapakuwa na mawaidha wala semina. Miongoni mwa walioambiwa, asilimia 32 waliwaandikisha wake zao katika huduma ya kutafutiwa kazi, ilhali kwa wale wasioambiwa waliofanya hivyo walikuwa asilimia 23. Miezi kadhaa baadaye, wake wa walioambiwa waliokuwa wameomba kazi nje ya nyumba walikuwa asilimia 16, na wa kundi la pili asilimia 6. Kuipata kazi yenyewe kulikuwa mlima mwingine, na hapo tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa. Lakini mlango wa kwanza, ule wa kuthubutu kuomba, ulifunguka kwa sababu tu watu waliambiwa wenzao wanafikiri nini.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kabla ya kuamua chochote, ni kuacha kukisia na kuanza kuuliza. Namna ya kuuliza nitaieleza hapo chini, kwa sababu kuna njia inayopata majibu na kuna njia inayozaa ugomvi.

Nije kwenye hamu yako ya ualimu. Umeuliza utajuaje kama ni yako. Jibu la kweli ni kwamba hamu ya binadamu haikui peke yake. Hulishwa na yanayowezekana, na mtu hujifunza kukipenda kile ambacho hakimletei vita. Hilo halifanyi upendo wake uwe wa uongo. Linachofanya ni kutulazimu tuupime. Utafiti mwingine wa Bursztyn, safari hii akiwa na Thomas Fujiwara na Amanda Pallais, uliotoka mwaka 2017, ulifanyika kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara katika chuo kimoja cha Marekani. Waligawiwa fomu ya kueleza kazi wanayoitaka: mshahara, saa za kazi, siku za kusafiri. Baadhi waliambiwa kwamba majibu yao yataonwa na ofisi ya ajira ya chuo tu, na wengine wakaambiwa wanafunzi wenzao pia watayaona. Wanawake wasio na mwenzi, walipoamini wanafunzi wenzao watayaona, walitaja mshahara ulio chini kwa dola 18,000 kwa mwaka, wakapunguza siku saba za safari kwa mwezi, na saa nne za kazi kwa wiki. Majibu ya wanaume hayakubadilika namna hiyo, wala ya wanawake waliokwisha kuwa na mwenzi. Hawa walikuwa wanawake waliosoma sana, katika nchi isiyowakataza lolote, na bado matamanio yao yalikuwa na sura mbili kutegemea nani anatazama.

Basi nawe jipime mahali ambapo hakuna anayetazama. Chukua karatasi usiyokusudia kumwonesha mtu, uandike ungechagua nini kama chuo cha uhandisi kingekuwa ndicho kilicho karibu na nyumbani na cha ualimu ndicho kilicho mbali. Kisha andika ungechagua nini kama ingekuwa hakuna ndugu atakayejua unasoma nini mpaka umalize. Kisha mfikirie kaka yako, au kijana yeyote wa kiume mwenye matokeo kama yako, na uandike ungemshauri asome nini na kwa nini. Ukiona ualimu unabaki katika majibu yote, huo ni wako, uchukue kwa moyo mweupe, na usimruhusu mtu yeyote, hata mimi, akwambie kwamba umejidhulumu kwa kuchagua kufundisha. Ukiona unatoweka kila kinapoondolewa kitu kimoja, yaani umbali au maneno ya watu, basi umekwisha kujua unachokikimbia ni nini, na hicho ndicho cha kushughulikia.

Kuna dhana nyingine ambayo haipo wazi kwenye barua yako lakini naisikia nyuma ya swali la shangazi, kwamba kuna kazi zilizoumbiwa wanawake. Historia haiungi mkono. Ualimu ule ule unaosifiwa leo kuwa ndio kazi ya mke na mama, nchini Uingereza mwanamke angeweza kuupoteza kwa sababu ya kuolewa. Halmashauri nyingi ziliwaachisha kazi walimu wa kike pindi walipofunga ndoa, mpaka Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 ilipozuia jambo hilo. Nchini Ireland, kanuni ya kuwaachisha kazi wanawake walioolewa katika utumishi wa serikali iliondolewa mwaka 1973 tu. Kwa upande mwingine, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuandika programu za kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, walikuwa wanawake sita, wakati ambapo kazi hiyo ilionekana kuwa ya ukarani na hivyo inayowafaa wanawake. Ilipopata heshima na mshahara mkubwa, ikageuka kuitwa ya kiume. Na kuhusu hesabu, mitihani ya kimataifa ya wanafunzi wa umri wa miaka 15 huonesha tofauti ndogo kati ya wavulana na wasichana, na zipo nchi ambako wasichana ndio wanaoongoza. Wewe umefaulu hisabati na fizikia. Hapo sina la kuongeza.

Hata hivyo, sitaki ukadhani kwamba kila wanalolisema wazee wako ni woga wa maneno ya watu. Ndani ya kaida mara nyingi hujificha gharama za kweli, na mtu anayezipuuza huumia. Mbili nazisikia kwenye barua yako: umbali na malezi.

Umbali ni jambo zito. Msichana anayesafiri au kuishi peke yake anakabili hatari ambazo kaka yake hakabiliani nazo kwa kiwango kile kile, na wazazi wanalijua hilo hata kama hawapendi kulitamka. Girija Borker alichunguza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Delhi, akaona kwamba wanawake walikuwa tayari kujiunga na chuo chenye hadhi ya chini zaidi ili tu wapite njia salama zaidi ya kufika huko. Lakini umbali una sifa moja njema: unatatulika. Katika jimbo la Bihar, India, kuanzia mwaka 2006 serikali iliwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipopima matokeo, waliona uandikishaji wa wasichana katika sekondari umepanda kwa asilimia 32 na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40, hasa katika vijiji vilivyo mbali na shule. Hakuna aliyewahubiria wazazi wa Bihar wabadili imani zao. Safari ilifupishwa, wasichana wakawa wanakwenda pamoja kwa makundi, na ile iliyodhaniwa kuwa mila isiyobadilika ikalegea. Linganisha na jaribio la Joshua Dean na Seema Jayachandran katika jimbo la Karnataka, ambako familia za walimu wa shule za awali zilioneshwa video na kufanyiwa mazungumzo ya kuwahimiza waunge mkono kazi za wanawake hao; halikuwafanya wabaki kazini zaidi. Ninachojifunza mimi, na ninakusihi ukizingatie, ni kwamba ukienda kwa mama na hoja za haki za wanawake huku hujui utalala wapi, utashindwa. Nenda ukiwa na jina la bweni, kanuni zake za usiku, namba ya msimamizi wake, muda wa safari, na namba ya mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili ambaye mama anaweza kumpigia akamuuliza atakacho. Mwanafunzi huyo mmoja atafanya kazi kubwa kuliko hotuba zako zote.

Malezi ni gumu zaidi, na hapa mama yako ana hoja ambayo vijana wengi wa kike huipuuza mpaka iwakute. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi zisizolipwa. Mwaka 2024 shirika hilo hilo lilieleza kwamba watu milioni 748 walikuwa nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya malezi, na kati yao milioni 708 ni wanawake. Hata Denmark, yenye likizo ndefu za uzazi na vituo vya kulelea watoto, Henrik Kleven na wenzake waliona kwamba kipato cha wanawake hushuka mara tu baada ya mtoto wa kwanza na kubaki chini kwa takriban asilimia 20 katika muda mrefu kulinganisha na cha wanaume, ilhali cha baba wa mtoto yule yule hakitikisiki. Kwa hiyo wanaosema kwamba mwanamke akishasoma mambo yatajipanga yenyewe wamesema nusu ya ukweli. Elimu hufungua mlango wa ajira. Haigawi kazi za nyumbani.

Ila tiba anayoipendekeza mama inahitaji kuchunguzwa. Mwanauchumi Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2023 kwa utafiti wake juu ya wanawake katika soko la ajira, ameonesha kwamba siku hizi sehemu kubwa ya pengo la mishahara haitokani na wanawake kuchagua fani tofauti. Linaonekana ndani ya fani ile ile, baina ya wanaoweza kuitwa kazini saa yoyote na wasioweza. Kinachoamua ni jinsi kazi husika inavyodai saa zako. Mfano wake maarufu ni wafamasia wa Marekani, ambao mshahara wao ni mzuri na mfamasia mmoja anaweza kumpokea mwenzake zamu bila hasara, hivyo mama anayefanya saa chache haadhibiwi sana. Kwa hiyo swali la kumuuliza mhandisi wa umeme aliye kazini ni: siku yako inaanza saa ngapi, unaitwa usiku mara ngapi, na nani humpokea zamu anayeuguliwa na mtoto. Utagundua kwamba uhandisi wa umeme una matawi mengi, kuanzia usanifu wa mifumo, upangaji wa gridi na upimaji wa viwango, mpaka maabara na ufundishaji vyuoni. Nguzo ni sehemu ndogo sana ya fani hiyo. Muulize pia mwalimu kama kazi yake inaisha kengele ya mwisho inapolia. Wengi watakwambia kwamba kusahihisha madaftari na kuandaa masomo hufanyika usiku, watoto wakishalala, na kwamba saa hizo hakuna anayezilipia.

Kuhusu ndoa, nitakuwa muwazi kwako kama ambavyo ningekuwa kwa binti yangu wa kumzaa. Fani haikuhakikishii ndoa wala haikuzuilii. Lenye uzito ni mwanamume unayeolewa naye, na huyo tayari unaye wa kumuuliza. Neno lake kwamba hana tatizo halitoshi, kwa sababu halijamgharimu kitu. Muulize mambo ambayo jibu lake litahitaji afikiri: nikipangiwa kazi mji mwingine, je, tutahama sote? Mtoto akiugua siku ya kazi, nani atabaki nyumbani mara ya kwanza, na nani mara ya pili? Watu wa kwenu wakinisema nikiwa sipo, wewe utawajibu nini? Hilo la mwisho usiliache. Mwanamume anayesema tatizo ni kwao, kisha akishindwa kukutajia hata sentensi moja atakayowaambia watu wa kwao, amekwisha kukujibu. Na anayeitaja, tena akakubali kwenda kuisema kabla hamjafunga ndoa, anastahili uaminifu wako. Vilevile mwombe akutajie ni nani hasa huko kwao anayepinga. Inawezekana jina litapatikana, na mtu huyo anaweza kuzungumzwa naye. Inawezekana pia hakuna jina, ni makisio tu kama yale ya Riyadh.

Sasa namna ya kuuliza. Nava Ashraf, Natalie Bau, Corinne Low na Kathleen McGinn waliwachunguza wasichana wa darasa la nane mjini Lusaka, Zambia, waliofundishwa stadi za majadiliano kwa muda mfupi tu: kutambua unachokitaka, kumuuliza mwenzako anachokihitaji badala ya kubishana na msimamo wake, kunyamaza hasira ikipanda, na kutafuta suluhisho linalowafaa wote wawili. Katika miaka mitatu iliyofuata, wasichana hao walipata matokeo bora ya kielimu kuliko wenzao wasiofundishwa. Mafunzo hayo hayakuwaongezea wazazi wao fedha. Yalichobadilisha ni mazungumzo ndani ya nyumba.

Kwa hiyo ongea na kila mtu peke yake, mbali na masikio ya wengine, maana mbele ya hadhara mtu hujibu kwa niaba ya hadhara. Anza na baba, kwa kuwa yeye ndiye aliyenyamaza. Mkute akiwa ametulia, umwambie: "Baba, naomba tuyaweke kando watakayosema watu, hata kwa leo tu. Wewe mwenyewe, ukinitazama mimi na matokeo yangu, ungependa nisome nini?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kumalizia sentensi. Akisema anaogopa, usimjibu kwamba asiogope. Muulize ni kitu gani hasa kinachomtia hofu na ni kitu gani kingempunguzia. Akitaja ada, hilo ni suala la fedha na lina ofisi zake. Akitaja usalama, toa yale maelezo ya bweni. Akitaja heshima yake mbele ya ndugu, hapo umegusa kaida yenyewe, nawe muulize ni ndugu yupi, ili hofu ipate jina. Kwa mama fanya hivyo hivyo, lakini muulize pia juu ya maisha yake: kama angepata nafasi ya kusoma zaidi, angesoma nini. Nimeona akina mama wakibadili msimamo katikati ya kulijibu swali hilo. Shangazi mwache wa mwisho, na huenda usihitaji kufika kwake. Maneno yake yanauma, lakini halipi ada yako, hakuoi, wala halei watoto wako, na wazee wako wakishakuwa upande wako atapata taabu kuyaendeleza.

Umeniandikia kama mtu anayetaka ushauri, kwa hiyo nitasema ninavyoona, ukijua kwamba nimeiona barua moja tu. Naelemea uhandisi. Sababu yangu kubwa ni mlinganyo wa milango: mhandisi aliyehitimu, mahali pengi, anaweza baadaye kuchukua mafunzo ya ualimu akafundisha hisabati na fizikia, masomo ambayo shule nyingi hazina walimu wa kutosha, ilhali mwalimu anayetaka kuwa mhandisi aghalabu hulazimika kuanza upya. Ukiwa huna uhakika, chagua mlango ambao haufungi ule wa pili. Lakini uhandisi nao una uzito wake. Huenda mkawa wasichana wachache darasani, utani mwingine utakuwa wa kuudhi, na mafunzo ya vitendo yanaweza kukupeleka mahali ambapo wewe ni mwanamke wa pekee. Tafuta mapema chama cha wahandisi wanawake au mhadhiri wa kike, na ujue ofisi ya chuo inayopokea malalamiko ya unyanyasaji kabla hujaihitaji.

Kuahirisha, yaani kuolewa kwanza ukasome baadaye, nisingekushauri kama njia ya kukwepa mzozo. Wapo wanaorudi chuoni, na ninawaheshimu sana, lakini majukumu hayapungui baada ya ndoa. Huongezeka, na kila mwaka unaopita unaifanya kaida ile ile iwe na hoja mpya. Ukilazimika kuahirisha, iwe kwa maandishi ya chuo yenye tarehe ya kuanza. Hilo utalipata ofisi ya udahili, ana kwa ana au kwa barua, kabla ya muda wa kuthibitisha nafasi kwisha; huko huko uliza juu ya mikopo ya masomo, ruzuku na nafasi za bweni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Mazungumzo yakikwama ila bado yana heshima, tafuta mtu wa tatu anayekubalika na wazazi wako, kama mwalimu wako wa zamani au kiongozi wa dini wanayemsikiliza, aketi nanyi. Ukiona usingizi umepotea, chakula hakipiti, au unawaza kwamba maisha hayana faida, onana na mshauri nasaha au mhudumu wa afya wiki hii, usisubiri suala la chuo liishe. Na ikiwa kuna vitisho, kupigwa, kuzuiwa kutoka nyumbani au kulazimishwa ndoa, hapo hatuzungumzii tena kaida wala majadiliano, na zile stadi za kuuliza kwa upole hazikuhusu. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii, kituo cha msaada wa kisheria au polisi, ukiongozana na mtu unayemwamini, na vyeti vyako halisi, kitambulisho na barua zote mbili za udahili uviweke kwa mtu huyo kabla hujamwambia mwingine yeyote kwamba unakwenda.